Kesi Imeisha, Faili Lingalipo: Mwongozo kwa Aliyefutiwa Mashtaka Unguja

Hakimu akishatamka kwamba mshtakiwa aende zake, jamaa humpokea mlangoni, mmoja analia, mwengine anapiga simu, na gari linageuzwa kuelekea nyumbani. Iwe ni Vuga, Mwanakwerekwe, Mfenesini au Mahkama Kuu kule Tunguu, nasaha ni moja: usiondoke bado. Muulize karani lini amri yako itakuwa imeandikwa na kutiwa saini, uandike jibu lake, kisha ndipo uende ukale wali wako kwa raha.

Sababu ni hii. Shauri moja la jinai Unguja huacha karatasi katika nyumba nyingi. Polisi ni chombo cha Muungano, na Uhamiaji vile vile. Mahkama, Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka na Vyuo vya Mafunzo, ambavyo Bara huviita magereza, ni vya Zanzibar. Kila chombo kina daftari lake. Siku uliyokamatwa daftari la polisi liliandikwa. Siku uliyopelekwa rumande Kilimani likaandikwa la Chuo cha Mafunzo. Siku uliyoachiwa, aliyeandika kwa uhakika ni hakimu peke yake.

Tena Zanzibar haina sheria ya jumla ya kumfutia mtu mzima kumbukumbu za jinai, mfano wa ile ya Uingereza ya mwaka 1974 inayozihesabu hukumu nyingi kuwa zimepitwa na wakati mtu akikaa miaka kadhaa bila kosa jengine. Hakuna afisi utakayoingia ukatoka jina limesafishwa. Unachoweza kufanya, na ambacho kina faida kubwa, ni kuhakikisha kila daftari lililoandika kukamatwa kwako limeandika pia kuachiwa kwako. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuifanya kazi hiyo.

Kwanza, jua umeachiwaje

Mtaani yote huitwa "kushinda kesi". Kisheria kuna milango kadhaa ya kutokea, na kila mmoja una uzito wake. Soma amri yako, au usomewe na mwanasheria, ujue ulipita mlango upi.

*Mashtaka yameondolewa.* Katiba ya Zanzibar ya 1984 inampa Mkurugenzi wa Mashtaka mamlaka ya kuanzisha, kuendesha na kusitisha mashtaka ya jinai. Anaweza kuiambia mahkama kwamba hana nia ya kuendelea, na mahkama ikakuachia. Hilo ni jambo la furaha, lakini halisemi kwamba huna hatia, maana ushahidi haukupimwa. Kwa kawaida ya sheria zetu, shauri likiondolewa kabla hujaitwa kujitetea, unaweza kushtakiwa upya kwa jambo lile lile. Mwendesha mashtaka akiliondoa katika mahkama za chini baada ya wewe kuitwa kujitetea, kawaida ni kuachiwa moja kwa moja. Kwa hiyo tarehe na hatua ya shauri ni mambo ya kuyaandika.

*Shauri limefutwa kwa sababu upande wa mashtaka haukufika au mashahidi hawakuonekana.* Hapa hakuna jibu moja. Tazama maneno ya hakimu: je, ameliondoa shauri tu, au amekuachia huru? Ukiona maneno hayaeleweki, uliza siku hiyo hiyo, maana baada ya mwaka hakimu huyo huenda amehamishiwa Pemba.

*Huna kesi ya kujibu.* Mashtaka yamefunga ushahidi wake na mahkama imeona hakuna la kukufanya ujitetee. Huku ni kuachiwa huru.

*Umeachiwa huru kwa hukumu.* Ushahidi wa pande mbili umesikilizwa na hatia haikuthibitika. Upande wa mashtaka unaweza kukata rufaa, lakini hauwezi kukufungulia upya shauri lile lile kama kwamba halikuwahi kusikilizwa.

*Hukumu imetenguliwa kwa rufaa.* Chunguza mstari wa mwisho. Mahkama ya juu inaweza kukuachia, na inaweza pia kuamuru shauri lisikilizwe upya.

*Msamaha wa Rais.* Kila Januari 12 tunasikia majina ya waliosamehewa kwa heshima ya Mapinduzi. Aliyesamehewa kifungo ametoka kifungoni. Asidhani kwamba hukumu yake ya hatia imefutika kwa kutoka huko.

Tofauti hizi zina historia hapa kwetu. Kuanzia Novemba 1997, watu 18 wa Chama cha Wananchi, CUF, walikamatwa na hatimaye wakashtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Walitoka Novemba 2000, mashtaka yalipoondolewa. Lau mambo yangeishia hapo, wangerudi nyumbani huku jambo lenyewe likibaki wazi. Lakini mwezi huo huo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Machano Khamis Ali na wenzake 17, ilitamka kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola yenye mamlaka kamili. Kuondolewa kwa mashtaka kuliwafungulia lango. Uamuzi wa mahakama uliwafungia nyuma yao njia ya kurudishwa kwa kosa lile.

Masheikh wa Jumuiya ya Uamsho, wakiwamo Farid Hadi Ahmed na Mselem Ali Mselem, hawakupata tamko kama hilo. Walishtakiwa Dar es Salaam kwa ugaidi mwaka 2014, wakakaa rumande miaka, na waliachiwa Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka wa upande wa Muungano alipoamua kutoendelea na kesi. Hakuna mahakama iliyosema wana hatia, wala iliyokaa ikapima ushahidi na kusema hawana. Ukiachiwa kwa njia hiyo, hata kwa kosa dogo la Darajani, karatasi zako zinahitaji uangalifu zaidi kuliko za mwenzio mwenye hukumu mkononi.

Pili, chukua karatasi masjala

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na uhuru nao ni mali. Nenda masjala ya mahkama iliyosikiliza shauri. Salamu kwanza, kisha ombi kwa ufupi: "Assalaam alaykum. Naomba nakala iliyothibitishwa ya amri ya kumaliza shauri nambari fulani la mwaka fulani. Mimi ndiye niliyekuwa mshtakiwa." Ombi la mdomo husahauliwa, basi nenda na barua ya nakala mbili, uache moja na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa.

Unachotaka ni hivi:

1. Hati ya mashtaka, ambayo inaonyesha kosa na kifungu ulichoshtakiwa nacho.
2. Amri au hukumu ya mwisho, yenye saini na muhuri. Omba nakala tatu kwa mpigo.
3. Mwenendo wa shauri, hasa kama mashtaka yaliondolewa, ili ijulikane yaliondolewa katika hatua gani.
4. Masharti ya dhamana na majina ya wadhamini wako.
5. Nambari ya jalada la polisi, ile iliyoanzia kwenye RB ya mlalamikaji.

Kabla ya kuondoka dirishani, soma majina. Unguja imejaa akina Ali Juma Khamis, wa Makadara na wa Makunduchi, na herufi moja iliyokosewa inaweza kukubebesha mzigo wa mtu mwengine au ikaifanya amri yako isitambulike. Jina lifanane na la kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi. Likiwa na kosa, omba lisahihishwe kwa maandishi, na usikubali kusahihishiwa kwa kalamu ya wino pembeni bila saini ya mwenye mamlaka.

Tatu, rudisha kilichoshikiliwa

Anza na wadhamini. Mjomba aliyeweka hati ya nyumba ya Kikwajuni au mwalimu aliyetoa barua ya kazi hajafunguliwa moyoni mpaka karatasi yake irudi mkononi. Omba mahkama iwaachie rasmi, na mwende pamoja kuzichukua hati zao. Hiyo pia ni adabu, maana siku moja utawahitaji tena kwa heri.

Pasi ya kusafiria iliyowekwa mahkamani kwa sharti la dhamana hurudishwa kwa amri ya mahkama. Kama iliwekwa zuio la kusafiri, uliza liliwasilishwa wapi, na omba barua ya kuliondoa ipelekwe huko huko. Usingoje kuligundua zuio hilo uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, tiketi ikiwa mkononi.

Simu, fedha, vespa na vitu vyengine vilivyochukuliwa ni vielelezo. Vilivyotolewa mahkamani vinahitaji amri ya hakimu, na visivyofika mahkamani hudaiwa kituoni vilikoshikiliwa. Nenda na orodha ya vitu uliyosaini siku ya kupekuliwa. Kama ulipekuliwa nyumbani, sheha huenda alikuwapo, naye ni shahidi wako wa kilichobebwa. Ukikabidhiwa, kagua kabla ya kusaini.

Nne, ipeleke amri polisi

Hatua hii ndiyo wengi huiruka. Peleka nakala katika kituo kilichofungua jalada, iwe Malindi, Madema au Ng'ambo, na nyengine kwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa. Amri yenyewe yenye muhuri usiiache popote, acha nakala. Barua inaweza kuwa hivi:

> Jina kamili: ………
> Nambari ya kitambulisho: ………
> Shehia na simu: ………
> Tarehe: ………
>
> Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa,
> Mkoa wa Mjini Magharibi,
> Zanzibar.
>
> YAH: KUHUISHA KUMBUKUMBU ZA SHAURI LA JINAI NAMBARI ……… LA MWAKA ………
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Nilikamatwa tarehe ……… na kufikishwa Kituo cha Polisi ……… kwa tuhuma za ………, kisha nikashtakiwa katika Mahkama ya ………. Tarehe ……… Mahkama iliamuru ………. Nakala iliyothibitishwa ya amri hiyo nimeiambatanisha.
>
> Kwa heshima naomba:
> (a) matokeo ya shauri yaingizwe katika kumbukumbu zote zinazonihusu, zikiwamo za alama za vidole;
> (b) nirejeshewe vitu vilivyotajwa katika orodha niliyoambatanisha;
> (c) nijulishwe kwa maandishi hatua iliyochukuliwa.
>
> Wako mtiifu,
> (Saini)

Pale palipoandikwa "Mahkama iliamuru", nakili maneno ya hakimu neno kwa neno. Kama mashtaka yaliondolewa, usiandike kwamba ulionekana huna hatia. Atakayelinganisha barua na amri akiona umezidisha, atakutilia shaka hata pale uliposema kweli. Nakala ya barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Zikipita wiki kadhaa bila jibu, andika ukumbusho ukitaja tarehe ya barua ya kwanza.

Tano, omba hati ya tabia njema mapema

Hoteli za Nungwi na Kiwengwa, kampuni za ulinzi, waajiri wa Ghuba na balozi nyingi hutaka hati ya polisi inayoeleza kama mtu ana rekodi ya makosa. Hutolewa na Jeshi la Polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole na majina kutafutwa katika kumbukumbu. Ni jeshi moja kwa nchi nzima, kwa hiyo jambo la Dar es Salaam au Tanga linaweza kuonekana ukiomba Zanzibar.

Mwenye shauri lililoisha asingoje mpaka apate kazi ndipo aombe. Omba mapema kwa sababu ya kweli unayoijua, kama vile kutafuta ajira, na ambatanisha amri ya mahkama tangu mwanzo. Ikionekana kumbukumbu bado inakuonyesha kama mtu mwenye kesi inayoendelea, una muda wa kuifuatilia, ukienda na barua yako yenye muhuri hadi Makao Makuu ya Polisi Ziwani. Aliyebakiwa na siku tatu za kuripoti kazini Muscat hana muda huo.

Sita, mtaa, kazi na magazeti

Katiba ya Zanzibar, kifungu cha 12, inamlinda mshtakiwa asitendewe kama mkosa kabla hatia haijathibitika. Mtaa una katiba yake: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hutaweza kumjibu kila anayenong'ona barazani, lakini kuna watu watatu wa kuwapelekea nakala kwa mkono wako.

Wa kwanza ni sheha. Barua ya sheha huombwa katika kazi, mikopo na vitambulisho, na yeye alisikia habari ya kukamatwa kwako kabla ya wengi. Mwambie, "Sheha, shikamoo, shauri langu limekwisha, hii ndiyo amri." Maneno hayo machache huondoa mashaka siku atakapotakiwa kuandika habari zako.

Wa pili ni mwajiri. Kama ulisimamishwa kazi, peleka amri kwa barua na uulize kwa maandishi nafasi yako na mshahara uliozuiwa. Elewa kwamba nidhamu ya kazi na jinai ni njia mbili. Mahkama inaweza kukuachia na mwajiri bado akakuita mbele ya kamati ya nidhamu, lakini hawezi kukuhesabu mhalifu kwa shauri ambalo hukutiwa hatiani. Kijana anayetembeza wageni Mji Mkongwe, aliyewahi kukamatwa kwa kufanya kazi hiyo bila kibali, aiweke nakala pamoja na maombi yake ya leseni Kamisheni ya Utalii.

Wa tatu ni mhariri. Kama gazeti, redio au ukurasa wa mtandaoni ulitangaza kushtakiwa kwako, mwandikie ukitaja tarehe ya habari ile, na uombe habari ya kuachiwa itangazwe na iunganishwe na ile ya zamani. Ombi la kuongeza matokeo hukubaliwa kwa wepesi kuliko ombi la kufuta habari iliyokuwa kweli siku ilipoandikwa.

Kama aliyeshtakiwa ni mtoto, usiitembeze karatasi yake hata kwa nia njema. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inawalinda watoto wanaofikishwa mahkamani, na siri hiyo ni mali ya mtoto. Iweke kabatini, ionyeshwe pale tu sheria inapotaka.

Saba, kama kweli ulitiwa hatiani

Barua ya polisi ya hatua ya nne haitakufaa. Njia yako ni rufaa, na rufaa ina siku za kuhesabika. Siku zikikupita, unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa ueleze kwa nini ulichelewa, na kutojua sheria si sababu inayopokewa kwa urahisi. Adhabu ikishatumikiwa, tunza ushahidi wake: stakabadhi ya faini, au hati ya kuachiwa kutoka Chuo cha Mafunzo. Mwajiri anayeona kosa la mwaka 2012 lenye stakabadhi yake, na miaka mingi safi baada yake, ana la kupima. Anayekuta umemficha hapimi tena.

Ukikwama

Huna wakili wala fedha? Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanza mwaka 1992, na Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, husaidia wasio na uwezo, na wasaidizi wa sheria wapo katika wilaya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 imeupa msaada huu mwongozo rasmi. Ukinyimwa vitu vyako au barua zako zikipuuzwa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina afisi Zanzibar na hupokea malalamiko bila malipo.

Ukitaka fidia kwa kushtakiwa kwa chuki, jua kwamba kuachiwa peke yake hakutoshi. Utatakiwa uonyeshe kwamba shauri lilimalizika kwa faida yako, kwamba halikuwa na msingi wa maana, kwamba aliyelianzisha alikuwa na nia mbaya, na kwamba ulipata hasara. Madai dhidi ya Serikali yana taarifa na muda wake, kwa hiyo muone wakili mapema.

Jihadhari na vishoka. Utamkuta mtu karibu na mahkama anayesema ana "mtu wake" wa kulitoa jina lako kwenye kompyuta. Ukimpa fedha umejinunulia kosa jipya, la rushwa, na hili lina ushahidi.

Fomu za safari: jibu lililoulizwa

Hapa ndipo watu wasio na hatia hujiharibia. Fomu moja huuliza kama umetiwa hatiani, nyengine huuliza kama umewahi kukamatwa. Fomu ya viza ya Marekani huuliza yote mawili kwa pamoja, kukamatwa au kutiwa hatiani, hata kama ulisamehewa. Kwa swali la kutiwa hatiani, aliyeachiwa anajibu hapana kwa moyo mkunjufu. Kwa swali la kukamatwa, anajibu ndiyo, hata kama shauri lilifutwa siku ya pili. Kusema uongo kwenye fomu hiyo kunaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha, ilhali kesi iliyofutwa ingeelezwa kwa mistari mitatu.

Andika mistari hiyo sasa, kabla hujaihitaji: tarehe ya kukamatwa na kosa lililotajwa, mahkama na nambari ya shauri, tarehe na maneno ya amri ya mwisho. Amri ya Kiswahili itafsiriwe na mtafsiri anayetambuliwa, na kwa nchi za Ghuba uliza kama nyaraka zinahitaji kuthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo ina afisi Zanzibar, kabla ya kufika ubalozini. Kisha tengeneza bahasha mbili zinazofanana. Moja ikae nyumbani na amri yenye muhuri, ya pili ikae kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba, na picha za karatasi zote ziwe kwenye simu yako. Kila ukitoa nakala, andika nyuma ya bahasha umempa nani na tarehe gani, ili ukiulizwa tena ujue pa kuanzia.